Hodi Kwenye Kituo cha Angani

Jumanne, Chumbageni

Shangazi naye kaniharibia sura nzima! Nilikuwa namsomea hadithi yangu, pale rubani anapofika kwenye kituo cha angani, mlango haufunguliwi, naye anakata tamaa. Akaacha kukuna nazi.

"Kapiga hodi?"

"Mara tatu, shangazi. Kimya."

"Basi arudi zake. Ndiyo adabu."

Nikamwambia hawezi kurudi, nyuma yake ni giza tupu.

"Hana pa kurudi? Basi aendelee kubisha, mwanangu."

Nilikasirika, kisha nikamkumbuka kaka. Kaka Salimu hapokei simu yangu tangu tugombane. Leo nimempigia mara tatu, nikaona basi, adabu nimeitimiza.

Wazazi hatuna tena. Ndugu ninaye huyo mmoja.

Ngoja nipige ya nne.