Mgeni wa Heri kwa Wote

Vårby gård, Stockholm
18 Desemba

Kwa kaka yangu mpendwa Dominic,

Salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, wifi na mama yetu. Mimi mwili ni mzima. Ya moyo utayasoma. Huku jua linazama saa tisa alasiri, na baridi ndiyo usiniulize. Utashangaa kupata karatasi wakati simu zipo. Nimempa Elieshi akuletee, maana anapanda ndege kesho kuja huko nyumbani, na simu siitaki kwa sababu utakayoiona.

Jengo letu lina watu wa kila namna, na kila Desemba tunagombana juu ya tangazo la mlangoni. Mwaka jana liliandikwa Krismasi njema, Waislamu wakanung'unika. Filip wa ghorofa ya kwanza, asiyeamini chochote, akasema hii ni sikukuu ya majira ya giza tu, ilikuwepo kabla ya kanisa. Mwaka huu nikachaguliwa mimi kuandika, na unajua ninavyopenda sifa. Nikaandika kwa Kiswidi na Kiswahili: "Heri kwenu nyote, wenye imani na msio nayo. Yeyote anayepita, karibu ndani."

Jirani yangu Ahmed, dereva wa basi, mtu wa Tanga, alisoma akatikisa kichwa. Alisema hana ugomvi na Krismasi, Nabii Isa ni wake pia, ila salamu isiyomtaja Mungu hujui nani ataiitikia. Domina, mlokole wa ghorofa ya tatu, ambaye hajawahi kukubaliana na Ahmed hata juu ya hali ya hewa, akasema vilevile. Nikawacheka wote wawili. Niliwaambia ushirikina wa kwetu wangeuacha uwanja wa ndege.

Sherehe tuliifanya Jumapili, katika chumba cha pamoja kando ya chumba cha kufulia. Palikuwa na maandazi ya zafarani, sambusa za Ahmed, na nyama ya nguruwe kwenye meza yake peke yake. Karibu nami aliketi mzee mmoja mwenye koti jepesi. Nguruwe hakugusa, nikajua ni wa kina Ahmed. Ahmed alimtolea salamu, mzee akatabasamu bila kuitikia, naye akajua ni Mkristo mwenzangu. Filip alimsikia akiongea Kiswahili, akamhesabu kuwa mgeni wetu. Tulikuwa tumeapa kutoulizana dini, basi hakuna aliyemwuliza neno. Aliaga kwa adabu, akatoka.

Wakati wa kuosha vyombo ndipo tulipoulizana, kila mmoja akamsukumia mwenzake. Tukaenda kuchungulia mlango mkuu. Theluji ilikuwa imeanguka tangu mchana, na nje hapakuwa na unyayo hata mmoja. Mzee hakuwa ametoka nje ya jengo.

Sasa kaka, hili nimemficha hata Elieshi. Jioni ileile nilibishiwa hodi, kwa sauti kama ya mtu wa kwetu kabisa. Nami kama tulivyolelewa, nikaitikia karibu kabla sijafikiri. Tangu hapo yule mzee yuko jikoni kwangu, upande wa dirisha. Hali chakula, halali usingizi. Nikiongea kwenye simu, anayarudia maneno yangu polepole. Ahmed alikuja akasoma Kurani, Domina akakemea kwa jina la Yesu; wote aliwasikiliza kwa heshima mpaka wakachoka. Nilipomwomba aondoke alinijibu maneno mawili tu: "Mlisema yeyote."

Naogopa, kaka. Jana aliniuliza kama huko kwetu pia anayebisha hodi huambiwa karibu. Nikageukia sufuria, lakini nahisi alilipata jibu. Nakuomba kwa machozi: Krismasi hii mlango uuitikie wewe mwenyewe. Akibisha mtu, mwulizeni kwanza anakuja kwa jina la nani. Mama asiachwe peke yake, maana yeye husema karibu hata hodi haijakwisha. Hilo tu ndilo ninalotaka mwaka huu.

Nisalimie wifi na watoto, na mama mshike mkono kwa niaba yangu. Mungu, nimemtaja, awalinde.

Mgeni amesimama nyuma yangu, anasema nisisahau salamu zake. Amemtaja mama kwa jina lake la utotoni. Mimi sikumwambia.

Mdogo wako,
Clementina