Nyoka wa Ihefu Bado Anasubiri

Mayu wangu,

Naona aibu hata kukuandikia. Ungekuwepo ungenitazama juu mpaka chini, halafu ungeniuliza kama nimekula. Nimekula, mama. Ila tangu juzi chakula hakipiti vizuri.

Unakumbuka tulivyokuwa tukiamia ndege kwenye mpunga wetu kule Madibira? Wewe na debe lako, mimi na kombeo ambalo halikuwahi kumpata ndege hata kwa bahati mbaya. Ndege wakitulia naanza kukusumbua: "Mayu, hadithi." Unashtuka kweli kweli. "Mchana huu? Unataka ng'ombe wa baba yako wapotee?" Kwetu hadithi ni ya usiku, na kuhamia Usangu hakukuifuta sheria hiyo. Basi unaangaza macho kama mwizi, unavua khanga, unatufunika vichwa wote wawili. "Haya, usiku umeingia." Humo ndani joto la kufa mtu, harufu ya moshi na maziwa. Sijawahi kukaa mahali pazuri kama pale.

Hadithi yenyewe ilikuwa ileile. Mchungaji anamfuata dume wake aliyepotea mpaka katikati ya kinamasi cha Ihefu, ndani kabisa ya matete, anamkuta nyoka mrefu kuliko zizi. Nyoka hamli. Anamkaribisha kama mtu mwenye adabu zake, anampa samaki, kisha anaanza kumweleza kwamba alikuwa na watoto na sasa hana. Kila ukimaliza kipande ulinyamaza mpaka niseme "Eee". Nisipoitika huendelei. Na kila tukikaribia mwisho ndege walirudi, nawe ukakurupuka na debe, hadithi ikabaki hewani.

Mpaka likizo ile niliporudi kutoka bweni Iringa. Siku hiyo ndege walitulia. Ukatufunika, ukasimulia, ukafika mahali ambapo hatukuwahi kufika. Nyoka akamuuliza mchungaji: "Na wewe ukirudi kwenu, wanangu utawasimulia vipi?" Ukanyamaza, ukanisubiri.

Mimi nilikuwa na kitabu cha shule mapajani, mawazo yote yako humo. Nikasema, "Mayu, joto jamani," nikatoka nje ya khanga. Uliikunja vizuri, ukajifunga, ukachukua debe. Hukunisimulia tena mpaka unaondoka duniani.

Kwenye msiba wako ndipo shangazi aliponiambia, tunamenya viazi, kana kwamba ni habari ninayoijua. Kwamba kabla yangu ulizika watoto wawili kule Usukumani, mkayaacha makaburi mkaja huku na ng'ombe. "Hakuwahi kuwataja," shangazi akasema. "Alikuwa na kale kahadithi kake ka nyoka tu." Nilikiweka kisu chini nikaenda kukaa nyuma ya jiko. Watu wakadhani nalia msiba. Nilikuwa nalia aibu.

Sasa sikia ya juzi. Hapa Nyololo ninafundisha fasihi, na somo lilikuwa chimbuko la hadithi za ajabu, hizi ambazo vijana siku hizi wanaziita fantasia. Nilijiandaa, we acha tu! Nikawaeleza watu wa kale walioandika kwenye vibao vya udongo habari za mfalme aliyetembea mpaka mwisho wa dunia akitafuta dawa ya kifo. Nikawapa Wagiriki na majitu yao, nikawapa nchi za baridi na majoka yanayolalia dhahabu. Mishale ubaoni utafikiri trafiki. Nikafika Misri: baharia anatupwa kisiwani, anakutana na joka linaloongea, lina huruma, limefiwa na ukoo wake wote. Hadithi hiyo iliandikwa kwenye mafunjo kabla Wagiriki hawajaandika chochote.

Huyo si ni wako, Mayu? Sijui kama alisafiri kutoka huko au kama watu waliofiwa hukutana na nyoka huyohuyo kila mahali. Nimelisoma somo hili miaka yote ya chuo na sikuwahi kukufikiria.

Msichana mmoja, Tumaini, akanyoosha mkono. "Mwalimu, bibi yangu Igowole ana nyoka kama huyo. Hapo ubaoni anakaa wapi?"

Nikafuta ubao. Nikasema muda umeisha, na kengele hata haijagongwa.

Usiku kucha nilikuwa najiona mjinga. Asubuhi nikaitoa khanga yako sandukuni, nikaingia nayo darasani, nikajifunika kichwa mbele yao. Wakacheka wee! Nikawaambia, "Usiku umeingia." Nikawafundisha kuitika, nikasimulia. Kicheko kikaisha chenyewe. Nikafika kwa nyoka na swali lake, nikanyamaza kama wewe.

"Eee," akasema Tumaini.

"Eee," likasema darasa zima.

Mayu, watoto wa watu waliitika pale ambapo mimi wa tumbo lako nilishindwa. Nami nimesimama na digrii yangu chini ya khanga yako. Nikawaambia ukweli: mwisho siujui, kwa sababu siku nilipokuwa nikielezwa sikuitika. Hakuna aliyecheka. Tumaini akasema, "Basi kamuulize, mwalimu. Sisi tutasubiri." Sikuwaambia kwamba umeshatutoka.

Ndiyo maana nakuandikia. Ni mchana, jua la Mufindi limetoka baada ya ukungu, nami nimekaa kitandani nimejifunika mpaka usoni. Harufu yako bado imo kwenye pindo. Nyoka ameuliza, mchungaji yuko kimya, nawe unanisubiri.

Eee, Mayu. Nimeitika. Endelea.

Ni mimi,
mwanao uliyebaki naye