Kabula na Sanduku Langu la Sauti

Jumamosi. Joto la leo ni lile la kungoja mvua isiyokuja, na vumbi la Tabora limeingia mpaka kwenye kibodi za chumba hiki cha kompyuta. Naandika kwenye blogu hii kwa sababu hakuna anayenijua anayeisoma. Natumaini.

Hosteli yetu hairuhusu simu. Ipo moja tu, ofisini kwa matroni, na kila msichana ana sanduku lake la sauti. Mtu wa nyumbani akipiga anaacha ujumbe, nawe unabonyeza namba yako ya siri, unasikiliza.

Namba yangu niliitoa mwenyewe. Nilimpa rafiki yangu Kabula.

Bibi yangu yuko Usinge. Kiswahili anakijua, lakini ya moyoni huyasema kwa Kinyamwezi, na mimi niliyesomeshwa kwa Kiswahili na Kiingereza huambulia maneno mawili matatu. Naona aibu kukiri. Kabula ni Msukuma, lugha zetu ni ndugu, basi kila Jumapili alinisikilizia, akanieleza. Mara nyingine alilia kabla yangu.

Juzi nilimpigia Bibi nikamwambia nisilowahi kumwambia mtu: kabla ya mdahalo wa Kiingereza huwa najifungia chooni nalia. Naye akaacha ujumbe mrefu wa kunituliza. Kabula hakungoja Jumapili, akausikiliza jioni ileile. Kabula huyohuyo ni kiongozi wa bweni, mwenye namba ya kundi ya kutangazia zamu za usafi: akituma ujumbe mmoja, unaingia kwenye masanduku yetu yote.

Akautuma huko. Sauti ya Bibi, yote, na wanaojua Kinyamwezi wakawatafsiria wengine.

Jana asubuhi foleni ya bombani ilikuwa inanisubiri. "Mjukuu wa Bibi! Mdahalo saa nane, choo tumekushikia!" Hata wa kidato cha kwanza walicheka. Mmoja akaiga kikohozi cha Bibi. Hicho ndicho kilichonichoma.

Nilimfuata Kabula.

"Ah, shosti, mbona umenuna? Mimi Msukuma, we Mnyamwezi. Nisipokutania wewe nimtanie nani? Mtani hakasirikiwi bwana!"

Na kweli tumelelewa hivyo. Mtani hata msibani anakuja kukucheka, nawe unacheka naye huku machozi yanatoka. Nikameza hasira, kana kwamba mkosaji ni mimi.

Lakini mtani hukutania usoni, kwa mdomo wake mwenyewe. Kabula alinicheka kwa mdomo wa bibi yangu, na Bibi hajui.

Huo si utani.

Leo nimemwomba matroni anibadilishie namba. Nikakuta Bibi ameacha ujumbe mwingine. Nikausikiliza peke yangu: jina langu, neno la mvua, mengine yote yakanipita. Kabula akachungulia mlangoni. "Kasemaje Bibi?" Hakuwa anacheka. Nusura nimpe mkonga wa simu, kwa mazoea tu.

Nikapiga Usinge.

"Bibi, shikamoo. Ujumbe wako sikuuelewa. Hata zile za nyuma kuna mtu alikuwa ananitafsiria."

Bibi akaanza upya, neno moja kwa Kinyamwezi, moja kwa Kiswahili, taratibu, kama anayemlisha mtoto uji.

Nilipogeuka, mlangoni hapakuwa na mtu. Kitanda cha Kabula kiko karibu na changu. Kesho tukiamka, nani atamsalimia mwenzake kwanza?