Sanamu Waliyosema Imechomwa

Uingereza, 9 Machi 1975

Mpendwa Baba,

Natumai u mzima na kifua kimetulia. Mimi sijambo, ila baridi.

Juzi nikitoka zamu hospitalini niliingia makumbusho ya hapa mjini. Ndani ya kabati la kioo nikaona ile sanamu ya Budha uliyotoka nayo vitani Burma. Ni yenyewe, sikio limekatika pale nilipoiangusha nikiwa mdogo. Kibao kinasema ni zawadi ya Bwana Pelham, yule mmisionari wetu. Si mlituambia aliichoma? Baba, iliondokaje nyumbani?

Binti yako, Ndinda

Nuu, 20 Aprili 1975

Mwanangu Ndinda,

Sisi wazima. Mvua imekuja kidogo, ndengu zimeota.

Sikuiba. Kule Burma nilimbeba mtawa mgonjwa, nikamvusha mto mgongoni, naye akanipa. Hapa nyumbani mamako alikuwa akiipangusa vumbi. Hakuna aliyeiabudu.

Mamako alipofariki, Pelham alisimama mlangoni akasema, "Kanisa halitamzika Kalunde huku sanamu imo ndani." Mwili ulilala siku mbili, na jua la Oktoba unalijua. Nikampa. Jumapili akatuonyesha majivu, nami nikasema amina pamoja na wengine.

Waambie watu wa makumbusho hayo yote.

Baba yako, Musembi

Uingereza, 2 Agosti 1975

Mpendwa Baba,

Salamu nyingi, na pole kwa kiangazi. Niliwaeleza. Mkubwa wao ni mama mpole, alinisikiliza akanipa na chai. Baadaye wakaniandikia kwamba Pelham, kabla hajafa, alisema uliitoa kwa hiari ulipookoka, kwa hiyo ni yao. Wataliuliza kanisa la huko. Usikasirike. Wazee walikuwepo, watasema ukweli.

Binti yako, Ndinda

Nuu, 30 Novemba 1975

Ndinda,

Mchungaji Mbuvi alikuja na wazee wawili, wale wale waliochimba kaburi la mamako. Alikuwa na karatasi imeshapigwa chapa, ati nilitoa kwa hiari.

"Weka sahihi tu, mzee," alisema. "Tusiliaibishe kanisa mbele ya wageni."

Nikawauliza wale wawili wanakumbuka nini. Mmoja akasema ni zamani sana, mwenzake akaitikia.

Nikawaambia, "Nendeni mkamfukue Kalunde, mmlaze juani tena, halafu mniulize kama ni hiari."

Mimi sikuweka sahihi. Wao wakaweka zao, wakaituma makumbusho.

Kanisani sirudi. Usiniombee nirudi.

Baba yako, Musembi