Ami Idarous na Nafasi ya Chuo

Mize, acha unachofanya usome hii. Nimetoka kwa ami Idarous sasa hivi, mbavu zinaniuma kwa kucheka.

Si unaijua hadithi yake ya kila Idi? Mwaka sabini na tatu aliomba chuo kikuu hapa Birmingham, wakamnyima kwa ugeni wake. Waingereza wabaguzi, wametuharibia maisha, na kadhalika.

UONGO! Mkewe, Bi Nunu, kaitoboa siri leo mbele ya wageni wa posa.

Alikubaliwa! Profesa alimwambia, "Wageni wameomba wengi, tunachukua wachache mno, ila wewe tunakutaka. Utakuja?"

Ami, ndani ya suti ya kuazima, akainamisha kichwa kwa adabu zote za Unguja: "La, ahsante, msijisumbue."

La, ahsante! Mize, kama kaletewa haluwa! Akakaa pale anangoja abembelezwe. Profesa akasikitika, akampa mkono, akamfungulia mlango.

Akaishia kuendesha basi la Bordesley Green, huku akiwatukana Waingereza.

Sasa leo kanuna, hatazami mtu. Mjukuu akamletea kahawa.

"La, ahsante."

Bi Nunu akaipokea ile kahawa, akainywa yeye.