Nusu Kichwa cha Mwalimu

4 Februari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Sisi huku ni wazima, isipokuwa mjukuu wako mdogo ana mafua. Miguu yako inaendeleaje? Usingizi unakuja?

Nimeandika kwa sababu ulisema mwenyewe kuwa ya simu yanaingia sikio hili na kutokea lile, lakini barua unaweza kuirudia. Basi hii irudie. Fundi viatu, jirani yako wa duka, amenipigia. Anasema Jumamosi ulimnyoa mwalimu mstaafu upande wa kulia, mwalimu akasinzia kitini, nawe ukavua aproni, ukafunga duka, ukaenda zako kula. Mzee wa watu aliamka gizani ana nusu kichwa cha nywele, akagonga mlango mpaka watu wakakufuata nyumbani uje na ufunguo.

Fundi viatu alikuwa anacheka. Mimi sikucheka, baba. Je, kama ungeacha jiko la maji ya moto linawaka?

Daktari alishatuambia kumbukumbu zako zimeanza kupungua. Alisema ni kidogo, sawa, lakini wembe hauna kidogo. Nakuomba ufunge duka uje ukae nasi. Chumba kipo, hata pazia nimeshatundika.

Bintiyo akupendaye.

15 Februari

Binti yangu,

Marahaba. Miguu haina neno, kinachosemwa ni kichwa. Mpe pole mwenye mafua, umwambie babu yake anasema kamasi hazijawahi kuua mwanaume.

Huyo fundi viatu anashona viatu vya mtaa mzima, mdomo wake umemshinda. Lakini hakusema uongo. Nilimsahau mwalimu. Tena nilipofungua mlango nikamwona vile, nikamuuliza, "Nani amekufanyia hivi?" Akanijibu, "Wewe, bwana!" Tukacheka mpaka tukashika mbavu. Nilipofika nyumbani nikakaa kitandani bila kuvua viatu, wala sikuwa nacheka tena. Niliogopa. Sina sababu ya kukuficha wewe.

Ila na mimi nikuulize. Ukinitoa kwenye duka lile, huko utakuwa umempokea nani? Hapa jina la mtu likinipotea, akikaa kitini nikaona kisogo, namjua yeye na baba yake. Nitakuja kukutembelea usije ukasema nina kichwa kigumu. Habari ya kuhamia tutaizungumza tukionana.

Baba yako.

20 Aprili

Baba,

Shikamoo. Natumaini ulifika salama na duka umelikuta kavu baada ya mvua zile. Wajukuu wanakuulizia kila wakikaa mezani.

Nimekuwa nikifikiria hizi wiki ulizokaa kwetu. Nilidhani nakupumzisha. Nilikuwa nikirudi kutoka kiwandani nakukuta umekaa palepale nilipokuacha asubuhi. Milango ya ghorofa letu inafanana, ukaingia kwa jirani ukakaa unasubiri chakula, na yule mama kwa heshima zake akakupakulia! Kila ulichogusa nilikupokonya, chai nikakukorogea mimi, hata vifungo vya shati nikakufunga, na vidole vyako vizima. Ulikuwa unazidi kunyamaza, na mimi nikawa nasema, "Mnaona? Ugonjwa unaendelea."

Halafu ukamnyoa mjukuu wako. Ulimgeuza shingo kwa vidole viwili, ukamtania kuhusu masikio yake, ukamaliza pande zote mbili, ukamfuta nywele kwenye kola. Nilisimama jikoni nikalia, maana huyo ndiye baba niliyekuwa nimemkosa wiki zote zile.

Nilirudi kwa daktari. Amesema mtu wa hali yako anahitaji kazi aliyoizoea, watu wa kuzungumza nao, kutembea, usingizi, na vitu vikae mahali pamoja. Masikio nayo yapimwe, huenda mambo mengine hukuyasahau bali hukuyasikia. Nimekutumia birika la umeme linalojizima lenyewe, na lile jiko mpe mtu. Fundi viatu atakuchungulia kabla hajafunga duka lake. Wateja nao waambie wakukumbushe. Kuhusu wembe naogopa bado, lakini sitakuamulia.

Bintiyo.

2 Juni

Binti yangu mpenzi,

Marahaba, tena marahaba. Afya ninayo, chakula kinapita. Masikio yamepimwa, yametolewa nta ya kutosha kutengeneza mshumaa. Sasa namsikia fundi viatu vizuri zaidi, jambo ambalo sikuliomba.

Birika lako lina akili kuliko mimi, likimaliza linajua limemaliza. Duka linakwenda. Siku hizi hakuna anayesinzia kitini. Mwalimu anakuja na kioo chake mwenyewe, anakishika kama bibi harusi, na nikisimama kidogo tu anaita, "Bado kushoto!" Mtaa mzima umeshajua, na hakuna aliyenihama.

Jumatatu nilikuwa namnyoa fundi viatu ndevu. Wembe ulikuwa kooni kwake, na ghafla nikawa sijui kama naanza au namaliza. Mkono ukasimama. Yeye naye, siku hiyo tu, akaongea taratibu: "Bado huku, mzee." Sikuendelea. Niliufuta wembe nikaufunga, nikammalizia kwa mashine. Jioni nikampelekea wembe huo mwanafunzi wangu wa zamani, sasa ana duka lake na kitambi chake, nikamwambia, "Wateja wa ndevu ni wako." Iliniuma, mwanangu. Lakini niliuweka chini kwa mkono wangu, na usiku huo nililala.

Mashine bado ninayo, na vichwa vipo. Itafika siku nayo niiache, na huenda siku hiyo mimi nisiione. Wewe ukiiona, niambie. Usiwaambie watu juu yangu nikiwa nimekaa hapo hapo kama mzigo wa mtu. Kaa mbele yangu, uniambie mimi. Hata kama kesho yake nitakuwa nimesahau, leo yake nitakuwa nimeambiwa na binti yangu.

Baba yako.