Osterby, Futi Saba na Inchi Moja

Jumatano, 2 Aprili

Mchezaji wa tatu tuliyemtaka kwa timu yetu ya kikapu ya chuo katuponyoka! Yule kijana wa Fort Wayne. Jana katangaza anakwenda kuchezea chuo cha majirani zetu, tena kavaa kofia yao mbele ya kamera, meno yote nje. Leo asubuhi mgahawani kwa Trudy palikuwa matanga matupu. Hata pai haikuliwa.

Rusty Pfeiffer anajua kila kitu, na asichokijua hukisema kwa sauti zaidi. Alisema Kocha Hobart hata paka hawezi kumsajili akiwa na samaki mkononi. Afukuzwe! Trudy akasema kosa si la kocha, vijana wa siku hizi wanauliza mshahara kabla hawajauliza jezi.

"Wewe mimina kahawa, mama," Rusty akamwambia.

Akammiminia. Nusu kikombe.

Mdogo wangu Dale hakubishana na mtu. Hapo ndipo nilipoogopa. Dale asiyebishana ni Dale mgonjwa. Kakunja mikono, anatazama dirishani. Halafu, kama mtu anayeomba chumvi, akasema mwaka huu halipii tena viti vyetu vya msimu ukumbini. Viti vya baba! Safu ya sita, nyuma ya bendi, tumevikalia tangu miguu yetu haijafika chini. Anahamia Arizona kwa bintiye.

"Nibaki hapa nifanye nini, dada? Hatuna senta, hatuna mrefu wa kusimama chini ya kikapu."

Hatuna senta. Na mimi je? Mimi si mtu? Nilimaliza kahawa yangu ikiwa baridi. Mwisho wa kuthibitisha viti ni Ijumaa ya wiki ijayo, saa sita mchana.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimefanya jambo. Naandika huku nacheka peke yangu kama mwehu.

Walikuwa wameanza tena — kocha hafai, kocha mzembe, kocha anavaa tai za msibani. Mimi nakoroga kahawa taratibu. Nikasema nimesikia saluni kuna senta huko Dakota Kaskazini. Futi saba na inchi moja. Mtoto wa shambani, simu hana, ndiyo maana hajulikani.

Jina lake? akauliza Rusty.

Likanitoka lenyewe, wala sijui lilitoka wapi. Osterby. Henning Osterby.

Kisha Rusty, Mungu amweke, akapiga meza. "Aaa, huyo! Video zake nimeziona. Mkono wa kushoto — hatari!"

Niliuma kijiko nisicheke. Dale akageuka kutoka dirishani, akanitazama. "Osterby," akasema. "Haya." Akaagiza pai.

Jumamosi, 5 Aprili

Kwenye jukwaa la mashabiki mtandaoni, Henning anasemwa kushinda mvua. Mmoja kampa nyota nne kati ya tano. Mwingine anasema mama yake anataka asomee kilimo. Wa tatu anadai ana magoti mabovu. Mtu ambaye hajazaliwa ana magoti mabovu! Nilikasirika kweli. Nikajikuta namjibu: magoti ya Henning ni mazima kabisa, koma!

Jumatatu, 7 Aprili

Rusty kaingia kwa Trudy anahema, simu juu. Ile ndege anayoazimwa kocha imetua Fargo, huko huko Dakota! Wanaume wazima walisimama. Rusty huifuatilia kwenye ramani ya simu usiku na mchana, mkewe hamfuatilii hivyo.

Ndege ni ya Bwana Schaub. Bwana Schaub anauza matrekta. Dakota wanalima. Lakini nani kaniuliza mimi?

Dale alikula pai mbili. Kamtania Rusty, kambishia Trudy, kaniibia na uma wangu. Mdogo wangu karudi.

Jumanne, 8 Aprili

Leo hata mimi nimeogopa. Mwandishi wa gazeti kamuuliza kocha mbele ya watu: vipi kuhusu Osterby?

Sasa kanuni ni kanuni. Kocha haruhusiwi kumzungumzia kijana ambaye hajasaini. Maskini Hobart alikodoa macho, ni wazi jina lile analisikia mara ya kwanza. Akafungua kinywa, akakumbuka kanuni, akakifunga. "Siwezi kumzungumzia mchezaji yeyote ambaye hajasaini."

Basi! Kwa Trudy walikumbatiana. Angesema hamjui, wangesema anamficha. Rusty, aliyetaka mtu afukuzwe wiki iliyopita, leo anataka asimamishiwe sanamu mlangoni mwa ukumbi.

Nikaona ndio wakati. Nikamuuliza Dale, kwa utaratibu kabisa, kuhusu viti.

Akajifuta midomo. "Nataka kwanza nimwone kwa macho yangu."

Eti nini?

Alhamisi, 10 Aprili

Pikapu ya Dale mlangoni, jua halijachomoza. Chupa ya kahawa, mikate ya nyama ya nguruwe ya kukaanga, blanketi.

"Panda, dada."

Wapi?

"Dakota. Kumpa mkono Henning."

Pale ndipo ningesema. Lakini nikisema, Arizona. Nisiposema, Arizona vilevile, ila na theluji ya Dakota kwanza. Niliangalia uso wake, umechangamka kama zamani tukisubiri baba atie ufunguo kwenye gari siku ya mechi. Nikachukua koti.

Ijumaa, 11 Aprili

Kituo cha mafuta, mahali fulani Minnesota. Naandika ndani ya pikapu, vidole vimekufa ganzi.

Asubuhi yote nimejaribu kuungama. Kila nikianza "Dale, kuhusu yule kijana—", yeye anapiga mluzi. Wimbo wa bendi yetu, tena anakosea makusudi.

Halafu Rusty kapiga simu. Sauti yake ikajaa gari lote: tumesikia? Henning ana pacha! Futi saba na inchi mbili! Wanakuja wote wawili au haji mtu!

Mimi sikusema pacha. Mtu yeyote aniapishe, pacha si wangu.

Nikamgeukia Dale. Yeye macho barabarani, masikio mekundu. Mtu huyu tangu utotoni akidanganya masikio humwiva.

Nikamwambia saa sita inakaribia, viti vya baba vinakwenda.

"Nilivithibitisha Alhamisi ile ile uliyomtaja," akasema. "Nilipotoka kula pai."

Alhamisi ile! Kabla ya ndege, kabla ya kocha na kanuni yake. Basi Arizona? Basi tunakwenda wapi, wewe mtu?

Akaegesha hapa, akazima injini. Akafungua mlango, baridi yote ikaingia.

"Yule Mzee Osterby aliyekuwa akituletea chupa za maziwa utotoni," akasema, "alikuwa mfupi sana, Verna. Kahawa yako nyeusi au ya maziwa?"

Akashuka. Sasa namwona kupitia kioo cha duka, vikombe viwili juu ya kaunta. Anamwonyesha muuzaji kimo cha mtu kwa mkono, juu kabisa ya kichwa chake, na muuzaji anaita wenzake waje wasikilize.